Mpunga Usiouzwa: Kijiji cha Java Kinachopanda kwa Nyota

Hebu fikiria kijiji cha wakulima wa mpunga ambako kuuza mchele ni mwiko. Si kwamba mavuno ni haba. Maghala yapo, yamejaa, na mengine yana mpunga uliovunwa miaka kadhaa iliyopita. Ila ukifika na hela yako mkononi ukataka gunia moja, hupati. Utakaribishwa vizuri, utapikiwa wali mpaka ushibe, lakini mchele wa kuuza hakuna.

Tena wanapanda mara moja tu kwa mwaka, wakati wenzao wa bondeni wanavuna mara mbili, hata tatu. Kwenye majaruba yao hakuna trekta, hakuna mbolea ya viwandani, hakuna kupiga dawa. Mashine ya kukoboa nayo imekatazwa.

Mtu wa haraka atasema: hawa wameachwa nyuma. Mwingine atasema: hawa ndio wenye hekima, sisi tumepotea. Majibu yote mawili yanatunyima sehemu tamu, ambayo ni kuuliza hiyo miiko inafanya kazi gani. Tuichambue mmoja mmoja, halafu tuone nani anailipia.

Ni wapi huko?

Kijiji kinaitwa Ciptagelar (kitamke "Chiptagelar"). Kipo kwenye milima ya Halimun, wilaya ya Sukabumi, Java Magharibi, nchini Indonesia, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Java ni kisiwa chenye ukubwa wa karibu moja ya saba ya Tanzania, lakini kina watu zaidi ya milioni 150. Jiji la Jakarta, kwa mstari ulionyooka, haliko mbali hata kilomita 150. Lakini ukitokea mji wa pwani wa Pelabuhanratu, barabara inapanda milima yenye mawe na makorongo, na gari la kawaida linapata shida kweli. Umbali wa hapa hupimwa kwa saa za safari.

Wakazi ni Wasunda, Waislamu wanaoshika pia mila za mababu. Ciptagelar ni makao makuu ya jumuiya inayoitwa Kasepuhan, jina linalotokana na neno *sepuh*, yaani mzee. Chini yake kuna mamia ya vitongoji vilivyotawanyika milimani. Kwa hesabu yao wenyewe, jumuiya ilianza mwaka 1368. Kiongozi huitwa Abah, yaani baba. Wa sasa, Abah Ugi, alirithi nafasi hiyo mwaka 2007 baada ya baba yake kufariki.

Kabla hatujaendelea, weka kando picha ya watu wanaoogopa teknolojia. Ciptagelar wana mitambo midogo ya umeme inayozungushwa na maji ya mito yao, na tangu 2008 wana kituo chao cha televisheni, CIGA TV. Simu wanazo. Kinachokatazwa ni mashine na kemikali zinazogusa mpunga. Mstari wamechora hapo.

Na kwa nini mpunga? Kwao mpunga ni uhai wenyewe, una roho inayoitwa Nyi Pohaci, na kuuza mchele ni sawa na kuuza uhai. Mswahili anaweza kuelewa uzito huu kwa njia ya lugha tu. Sisi tuna mpunga, mchele na wali: maneno matatu kwa kitu ambacho lugha nyingi za Ulaya zinakiita kwa neno moja. Waindonesia nao wana *padi*, *beras* na *nasi*. Jamii isiyoishi na zao hili haihitaji maneno yote hayo.

Kilimia cha Java

Mwiko wa kwanza unahusu muda. Mtu haamki tu akapanda siku anayotaka. Anangoja nyota.

Hapa pia Kiswahili kinatusaidia. Lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana, ambalo Wazungu huliita Pleiades, sisi tunaliita Kilimia, na mzizi wake ni kulima. Wazee wa pwani walikuwa na methali: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ciptagelar kundi hilohilo linaitwa Kerti. Wanaangalia pia Kidang, ambayo ni kundi la Orioni, lenye zile nyota tatu zilizopangana mstari mmoja.

Kanuni yao ni fupi. Kerti ikionekana, andaa vyuma, yaani majembe na visu. Kidang ikionekana, ingia shambani. Kidang ikitoweka, *kungkang* anatoka. Kungkang ni mdudu anayefyonza punje changa za mpunga zikiwa bado na maji meupe ndani. Kwa hiyo Kidang ikianza kupotea magharibi, mpunga wako uwe tayari umekomaa. Ukichelewa, wewe ndiye utakayewalisha hao wadudu.

Sasa, sayansi yake ni hii. Dunia inalizunguka jua, kwa hiyo tukitazama kutoka hapa tunaona kama jua linahama polepole mbele ya nyota, karibu nyuzi moja kwa siku. Kila nyota inachomoza dakika 4 hivi mapema kuliko jana. Ikifika mwezi Mei, jua liko upande mmoja na Kilimia, na mwanga wake unakifunika. Wiki chache baadaye, mwezi Juni, Kilimia kinaonekana tena mashariki kabla ya alfajiri. Orioni inafuata, karibu mwezi mmoja nyuma. Tukio hili linarudi kila baada ya siku 365 na robo, bila kukosa.

Kwani mwezi haufai? Mwezi unafaa kwa mambo mengi, lakini siyo kwa kilimo. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354, yaani pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Ndiyo maana Ramadhani inatembea: mwaka huu iko kwenye masika, miaka michache baadaye iko kwenye kiangazi. Ukipanda kwa kuhesabu miezi mwandamo bila kurekebisha, baada ya miaka mitatu tu umeteleza kwa mwezi mzima. Nyota haziteleze hivyo. Kwa mtu asiye na kalenda ya ukutani, anga la alfajiri ni saa sahihi kupindukia.

Angalizo moja: nyota hazileti mvua. Zinasema leo ni tarehe ngapi katika mwaka wa jua, basi. Mwaka wa El Niño, mvua za Java huchelewa, na Kidang haina habari. Udhaifu huu ni wa kweli, na ukame ukizidi ni hatari. Dawa yake haipo angani, ipo kwenye ghala. Tutafika huko.

Kwa nini mara moja tu?

Mbegu za asili za Ciptagelar, ambazo ni zaidi ya aina 100, hukaa shambani miezi mitano hadi sita. Mbegu za kisasa zinakomaa kwa karibu miezi minne au pungufu. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya magunia tu, kupanda mara moja ni hasara. Lakini kuna hesabu nyingine, ya wadudu.

Adui mkubwa wa mpunga Asia ni mdudu mdogo wa kahawia, mwenye urefu wa milimita chache, ambaye Waindonesia humwita *wereng*. Anafyonza utomvu wa shina hadi shamba linakauka kama limechomwa moto. Kutoka yai hadi mtu mzima ni karibu mwezi mmoja. Chakula chake ni mpunga, karibu hana kingine.

Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kila jike anaacha majike 10 wanaofika utu uzima. Msimu mmoja una vizazi vitatu hivi: jike 1 anakuwa 10, halafu 100, halafu 1,000. Mpunga ukivunwa na bonde zima likapumzika, chakula kimekwisha, wengi wanakufa, na msimu ujao unaanza karibu na sifuri. Ila kama kila wakati kuna shamba la kijani mahali fulani, hesabu haikatwi. Vizazi vitatu vikifuatana mara tatu vinakuwa tisa, na 10 ikijizidisha mara tisa ni bilioni moja. Porini hawafiki huko kwa sababu maadui na njaa huwapunguza, lakini umeona mwelekeo. Panya wa mashambani nao hufuata mantiki hiyohiyo: huzaana mpunga unapobeba. Mashamba yakibeba kwa zamu mwaka mzima, panya nao wanazaa mwaka mzima.

Sasa angalia jambo muhimu. Wereng wana aina mbili: wenye mabawa mafupi, wanaokaa na kuzaa, na wenye mabawa marefu, wanaoruka kutafuta shamba jipya. Mkulima mmoja akiamua peke yake kupumzisha jaruba lake, hajapata kitu, maana wadudu watatoka kwa jirani. Mapumziko yanafanya kazi tu kama bonde zima linapumzika pamoja. Na ukishajua jirani zako wote wamepumzika, unashawishika kupanda kidogo kwa siri ili uuze bei ikiwa juu.

Hapo ndipo ninapoona miiko hii inavyofungamana. Kama mpunga hauuzwi, ile tamaa ya kupanda msimu wa pili inapungua sana, maana huna pa kuupeleka. Mwiko wa soko unaulinda mwiko wa kalenda. Wenyeji hawauelezi hivyo, wao wanamzungumzia Nyi Pohaci na mababu. Lakini ukitazama matokeo shambani, sheria hizo zinafanya kazi ambayo mkulima mmoja mmoja hawezi kuifanya.

Bondeni walijifunza kwa njia ngumu

Hii siyo nadharia tu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, serikali ya Indonesia iliingiza mbegu fupi zenye mazao mengi, mbolea, na dawa za wadudu zilizouzwa kwa ruzuku kubwa. Matunda yalionekana: mwaka 1984 nchi ilijitosheleza kwa mchele, na mwaka uliofuata Rais Suharto akapewa heshima na FAO. Kwa nchi iliyokuwa imezoea njaa, si mchezo.

Lakini wereng walikuwa wanafuatia nyuma. Mbegu iliyoitwa IR26, iliyotolewa mwaka 1973 kwa sababu iliwashinda wereng, ilishindwa ndani ya miaka michache, maana wadudu walibadilika. Dawa nazo zilizidisha tatizo. Wereng hutaga mayai ndani ya shina, ambako dawa haifiki vizuri. Wanaokufa kwa wingi ni buibui na wadudu wengine wanaowala wereng. Mayai yakianguliwa, watoto wanakuta uwanja mweupe, hakuna polisi. Kumbe kadiri ulivyopiga dawa, ndivyo ulivyowafuga.

Mwaka 1986, Java ikiwa katikati ya mlipuko mwingine, Suharto alitoa agizo la kupiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga. Ruzuku ya dawa ikaondolewa kufikia 1989. Mwaka huohuo yakaanza madarasa ya shambani: wakulima wanakutana kila wiki kwenye jaruba moja, wanahesabu wadudu na buibui, wanachora walichokiona, halafu wanaamua wenyewe kama kuna haja ya dawa. Mbinu hiyo ilifika Afrika Mashariki miaka ya 1990. Kama umewahi kusikia bwana shamba akiita watu kwenye "shamba darasa", basi umekutana na kitu kilichozaliwa kwenye majaruba ya Java.

Ghala ni benki

Turudi mlimani. Mpunga ukiiva, Ciptagelar hawakati kwa mundu. Wanatumia kisu kidogo kinachofichika kiganjani, *etem*, na kukata suke moja moja. Kazi ni ya polepole, lakini mbegu zao ni ndefu, haziivi kwa kimo kimoja, na punje hazipukutiki ovyo. Masuke yanafungwa mafungu, yanaanikwa kwenye vichanja vya mianzi kwa wiki kadhaa, ndipo yanaingizwa kwenye ghala linaloitwa *leuit*.

Leuit ni kama kihenge, ila limejengwa kama nyumba ndogo: limeinuliwa kutoka ardhini, kuta ni za mianzi iliyosukwa na zinatanuka kuelekea juu, paa ni la nyuzi nyeusi za mnazi-pori. Kila kitu kina sababu. Kuinuliwa kunazuia unyevu na panya. Mianzi inapitisha hewa. Mpunga ukikaushwa hadi unyevu wake uwe chini ya asilimia 14, ukungu unapata shida kuota. Na kwa kuwa haujakobolewa, ganda lenyewe ni ngozi inayozuia wadudu wengi wa ghalani. Mchele mweupe kwenye gunia huharibika mapema, mpunga mkavu ndani ya ganda unakaa miaka.

Piga hesabu rahisi. Familia inatumia mafungu 100 kwa mwaka na inavuna 130. Baada ya miaka kumi ina akiba ya mafungu 300, chakula cha miaka mitatu. Wanakula ya zamani kwanza, mapya yanaingia nyuma. Mwaka wa El Niño ukija na kuwapa mafungu 40 tu, wanapungukiwa 60, na akiba inabaki 240. Ile kasoro ya kalenda ya nyota imefunikwa.

Pamoja na maghala ya familia kuna ghala la jumuiya, Leuit Si Jimat. Kila mwaka baada ya mavuno, kwenye sherehe ya Seren Taun, mpunga unaingizwa humo kwa heshima zote. Aliyeishiwa anakopa hapo, akivuna analipa kwa mpunga. Mwaka 1998, uchumi wa Indonesia ulipoanguka mara tu baada ya ukame mkali, bei ya mchele ilipanda vibaya sana nchini. Nyumba yenye akiba ya miaka miwili ghalani haina haja ya kuuliza bei ya sokoni.

Kinu na kuku wa Batavia

Mwiko wa kinu una hadithi yake. Mchele wa Ciptagelar unatwangwa kwa kinu na mchi, kazi inayofanywa na wanawake. Kutwanga hakuondoi pumba yote, na kwenye pumba ndiko kuna vitamini B1.

Jambo hili liligunduliwa Java. Miaka ya 1890, Jakarta ikiitwa Batavia, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa anatafuta kijidudu cha ugonjwa wa beriberi, unaoharibu neva na moyo. Kuku wake wa maabara wakaanza kupepesuka kama wagonjwa wa beriberi. Ikaja kujulikana walikuwa wamelishwa wali wa mchele mweupe uliokobolewa kabisa. Waliporudishiwa mchele wenye pumba, wakapona. Eijkman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Miaka mitatu kabla, Batavia hiyohiyo, wakemia wawili walikuwa wamefanikiwa kuitenga vitamini yenyewe.

Mwiko haukutungwa kwa ajili ya vitamini B1, tusijidanganye. Lakini faida ipo, na jasho la wanawake pia lipo.

Nani analipa?

Gharama ya kwanza ni hela taslimu. Ada, simu, mafuta ya pikipiki na matibabu havilipwi kwa mpunga. Kwa hiyo familia zinauza sukari ya mnazi-pori na mboga, na wengine wanashuka mijini kutafuta vibarua. Ghala linakuhakikishia wali, halikuhakikishii karo.

Ya pili ni nguvu kazi. Kuvuna suke moja moja na kutwanga kwa mkono kunahitaji watu wengi. Vijana wakihama, mfumo mzima unayumba.

Ya tatu ni uamuzi. Kalenda ya pamoja maana yake mtu mmoja mmoja hana uhuru wa kupanda atakavyo. Kiongozi anatokana na ukoo, hachaguliwi kwa kura. Akiwa mwenye busara, mambo yanaenda. Lakini kanuni inakutaka umwamini.

Ya nne ndiyo nzito kuliko zote: ardhi. Mwaka 1992 serikali ilitangaza hifadhi ya taifa ya Halimun, hekta 40,000. Mwaka 2003 ikapanuliwa hadi hekta 113,357 na kuitwa Halimun Salak. Mashamba na misitu ya jumuiya za Kasepuhan ikajikuta ndani ya mipaka ya msitu wa serikali. Na hawa ni watu ambao tayari walikuwa na mgawanyo wao wa msitu: sehemu iliyofungwa isiyoguswa, sehemu inayotumika kwa ruhusa, na sehemu ya kulima. Chemchemi zinazomwagilia majaruba zinatoka kwenye ile isiyoguswa.

Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ya Indonesia iliamua kwamba msitu wa kimila si msitu wa serikali. Mwishoni mwa 2016 jumuiya tisa za kwanza zilikabidhiwa hati za misitu yao, mojawapo ikiwa Kasepuhan Karang, ndugu zao wa wilaya jirani ya Lebak. Lakini hati hutolewa jumuiya kwa jumuiya, na kila moja inapaswa kwanza kutambuliwa kisheria. Ghala lililojaa halimsaidii mtu asiye na uhakika kama jaruba lake ni lake.

Kwa hiyo mtu akikuambia tuige Ciptagelar, muulize tuige nini hasa. Kuacha dawa peke yake, huku kila mtu anapanda siku yake, ni kuwakaribisha wereng. Kuweka akiba bila kukausha vizuri ni kufuga ukungu. Kupanda pamoja bila ghala ni kubaki mikono mitupu mvua ikichelewa. Miiko hii inabebana, na chini yake wote kuna ardhi.

Jambo la mwisho, la kujaribu mwenyewe. Ciptagelar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, sawa na Dar es Salaam. Kwa hiyo anga la alfajiri ni lilelile. Mwishoni mwa Juni, amka saa kumi na moja, tazama mashariki kabla hakujapambazuka. Kile kikundi kidogo cha nyota, ukikiona, jua kwamba saa nne zilizopita mtu wa milima ya Halimun alikitazama pia, na leo anatoa majembe.